Usinunue koti kwanza

Mwanangu,

Umeniuliza ununue koti zito la namna gani kwa safari yako ya meli kwenda Antaktika mwezi Januari. Usinunue lolote kwanza. Soma orodha uliyotumiwa: meli nyingi za safari hizi hutoa koti, na buti za mpira huazimisha. Januari ni kiangazi kwenye Rasi ya Antaktika, halijoto huwa karibu na nyuzi 0. Kinachomtesa msafiri zaidi ni maji: jasho lake mwenyewe, na mawimbi yanayorukia ndani ya boti ya mpira mnapopelekwa ufukweni.

Kwa hiyo pesa yako itie kwenye suruali isiyopitisha maji. Iwe pana, uweze kuvaa nyingine mbili ndani yake, na ifunike buti kwa nje. Wengi huichomeka ndani ya buti kama mtu aendaye shambani. Wakishuka majini, wimbi moja tu, buti imekuwa ndoo.

Ndani vaa nguo za kubana za sufu, seti 2, moja ikianikwa nyingine iko mwilini. Juu yake sweta la flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi. Pamba, pamoja na jinzi zako, ziwe za kuvaa melini tu: zikilowa hazikauki upesi, na hunyonya joto la mwili. Mkianza kupanda kilima, fungua zipu kabla jasho halijatoka.

Soksi za sufu, pea 4. Usivae tatu kwa mpigo: buti ikibana, damu haipiti vizuri na vidole hufa ganzi. Glavu ziwe nyembamba za ndani, zinazokuruhusu kubonyeza kamera, na nene za juu zisizopitisha maji. Ongeza pea ya akiba; upepo hauombi ruhusa. Losheni ya jua paka hadi chini ya kidevu, maana theluji hurudisha mwanga kutoka chini.

Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwani baridi huidhoofisha. Ukirudi melini, iache kamera ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mpaka ipate joto, la sivyo lenzi itajaa ukungu.

Kabla ya kufunga sanduku, geuza kila mfuko wa nguo nje ndani. Kwenye velkro na mishono ya begi tumia kibanio kung'oa mbegu za nyasi, moja moja. Melini mtakaguliwa, maana mmea mgeni ukiota kule ni balaa.

Dawa ya kichefuchefu, suruali ile na seti moja ya sufu vikae kwenye begi la mkononi. Kuvuka Mlango-Bahari wa Drake, bahari iliyo kati ya Amerika Kusini na Antaktika, ni kama siku 2, na dawa humezwa kabla bahari haijachafuka. Sanduku likipotelea uwanja wa ndege, meli haitalingoja.

Mama yako