Wikipedia darasani bila intaneti: faili haliingii kwenye flashi, simu ya tisa inakataa

Swali: Nafundisha sayansi katika shule isiyo na intaneti. Nimepakua Wikipedia ya Kiingereza isiyo na picha ili niifungue kwa Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti. Nikiihamishia kwenye flashi ya GB 128 naambiwa faili ni kubwa mno, na flashi ni tupu kabisa. Nimejaribu pia kuwagawia wanafunzi faili dogo kwa hotspot ya laptopu yenye Windows: simu nane zinaingia, zinazofuata zinakataa. Je, ninunue kompyuta yenye nguvu zaidi?

Jibu: Usinunue, Mwalimu. Laptopu yako inatosha. Kinachokukwamisha ni mfumo wa flashi na hotspot yenyewe.

Tuanze na flashi. Imefomatiwa kwa FAT32, mfumo usiopokea faili moja linalofika GB 4, hata nafasi iwe kubwa kiasi gani. Kama kuna chochote ndani, kihamishe kwanza, kisha bofya flashi kwa kitufe cha kulia, chagua Format, halafu exFAT, mfumo unaopokea mafaili makubwa. Kuanzia hapo uwe unaitoa kwa utaratibu, usiichomoe tu, maana exFAT huharibika kirahisi uandishi ukikatizwa. Fahamu pia kwamba simu nyingi za zamani za Android haziisomi.

Baada ya kunakili, hakikisha faili ni zima. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika `certutil -hashfile jina.zim SHA256`, ukiweka jina la faili lako la Kiwix (huishia na .zim) mahali pa jina.zim, ulinganishe matokeo na msimbo uliowekwa pamoja na faili kule ulikopakulia. Upakuaji uliokatika njiani huzaa faili linalofunguka vizuri, kisha linagoma katikati ya kipindi kwenye makala fulani tu. Intaneti ikiwa ya kusuasua, pakua kwa torenti, njia ya kupakua faili kwa vipande, kwa kuwa huendelea pale ilipoishia na hukagua kila kipande.

Ila kwa somo lako nisingechukua toleo lisilo na picha. Mwanafunzi anayesoma muundo wa seli bila mchoro amepata nusu ya somo. Majina ya mafaili yenyewe yanakueleza: *maxi* lina maandishi yote na picha, *nopic* lina maandishi yote bila picha, *mini* lina utangulizi wa kila makala tu. Badala ya Wikipedia nzima, chukua mikusanyo ya masomo, kama kemia, fizikia, hisabati na tiba, katika toleo la maxi. Ongeza Wikipedia ya Kiswahili, nayo maxi, kwani ni ndogo mno ukiilinganisha na ya Kiingereza. Makala zake nyingi ni fupi, hivyo zisome mwenyewe kabla ya kuzitumia kama kazi ya darasa.

Sasa simu ya tisa. Hotspot ya Windows hairuhusu zaidi ya vifaa 8, na kompyuta mpya itakuwa na kikomo hichohicho. Dawa ni ruta ya Wi-Fi, hata kuukuu, na haihitaji intaneti kabisa. Unganisha laptopu kwa waya kwenye tundu la LAN, lile la vifaa vya ndani. Ukichomeka kwenye WAN, tundu la kuingizia intaneti, ruta itadhani laptopu ndiyo intaneti na haitaipa anwani. Fungua Kiwix, nenda kwenye menyu ya Local Kiwix Server, uianzishe. Itakupa anwani mfano wa `http://192.168.1.100:8080`. Iandike ubaoni pamoja na hiyo `http://`, kwa sababu bila hiyo vivinjari vingine hujaribu https au hupeleka maneno kwenye utafutaji.

Ikifunguka kwenye laptopu lakini si kwenye simu, shuku ngome ya Windows (firewall) kwanza. Mtandao usio na intaneti mara nyingi hupangwa kuwa wa umma, na miunganisho inayoingia huzuiwa. Ubadilishe uwe Private, uiruhusu Kiwix. Bado? Angalia kama ruta imewasha mpangilio wa kutenganisha vifaa, au kama wanafunzi wameingia kwenye Wi-Fi ya wageni.

Simu nazo zina tabia yake: zikigundua Wi-Fi haina intaneti, hurudi kimyakimya kwenye data. Wanafunzi wazime data, na simu ikiuliza kama ibaki kwenye mtandao huo, wakubali. Wewe zuia laptopu isilale, na kwenye ruta uifungie anwani moja, la sivyo ile ya ubaoni itabadilika.

Ruta ndogo za nyumbani huelemewa darasa likiwa kubwa, kwa hiyo wapange wawili wawili kwa simu moja.

Kuhusu kusasisha: jina la faili hubeba mwaka na mwezi wa toleo. Hakuna kiraka cha kuongezea juu ya la zamani. Unapakua jipya lote, unalikagua, ndipo unafuta la zamani. Kwa shule, mara moja kwa mwaka, wakati wa likizo, inatosha.