Kaskazini si juu: kufundisha ramani kwa kuanzia uwanja wa shule

Mwulize mwanafunzi wa darasa la nne kaskazini ni wapi, na mara nyingi atanyoosha kidole kwenye paa. Si uzembe wake. Ramani anayoijua imebandikwa ukutani, na ameambiwa kwamba kaskazini ni juu na kusini ni chini. Tunamshauri mwalimu wa shule ndogo ya kijijini aibandue ramani hiyo kwa majuma mawili ya mwanzo, alipeleke somo uwanjani. Kamba, fimbo, rula na majivu ya jikoni vinatosha.

Kwanza itafuteni kaskazini wenyewe. Simika fimbo iliyonyooka, mita 1 juu ya ardhi, mahali tambarare pasipo kivuli cha mti. Ikague kwa timazi, yaani uzi wenye jiwe, kwa sababu fimbo iliyoinama kidogo tu huharibu kazi nzima. Saa 4:30 asubuhi pigilia kijiti penye ncha ya kivuli. Funga kamba kwenye fimbo, ifikishe kwenye kijiti, kisha izungushe uchore duara. Kivuli kitafupika na kuingia ndani ya duara, halafu mchana kitarefuka tena. Mahali ncha yake itakapogusa duara, pigilia kijiti cha pili. Kwa Dodoma hilo hutokea kati ya saa 8 na saa 9 na robo kulingana na mwezi, hivyo weka zamu ya wanafunzi wawili wa kulinda kivuli. Mstari kati ya vijiti huenda magharibi hadi mashariki. Simama juu yake, kijiti cha asubuhi kikiwa kushotoni na cha mchana kuliani: mbele yako ni kaskazini.

Usikubali njia ya mkato inayosema kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Kanuni hiyo ni kweli Ulaya, lakini Tanzania inawapotosha watoto. Dodoma mwishoni mwa Juni, fimbo ya mita 1 hutoa kivuli cha adhuhuri cha sentimita 57 hivi kinachoelekea kusini. Mwishoni mwa Desemba ni sentimita 31 hivi kuelekea kaskazini. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba karibu kivuli kitoweke. Tena saa 6 kamili si adhuhuri ya jua. Saa zetu hufuata longitudo ya 45° Mashariki, ambayo haipiti kabisa nchini mwetu, kwa hiyo kivuli kifupi kabisa huonekana Dodoma saa 6 na nusu na ushei.

Baada ya hapo pimeni eneo la shule kwa hatua. Tengeneza kamba ya mita 20 yenye fundo kila mita. Tumia katani, maana nailoni huvutika. Pima umbali baada ya kufunga kila fundo, kwa kuwa fundo hula kamba na makosa hujikusanya hadi mita nzima. Kila mtoto atembee mita 20 mara tatu kwa mwendo wake wa kawaida, atafute wastani. Akitumia hatua 40, hatua yake ni sentimita 50, na jengo la hatua 96 lina urefu wa mita 48. Mtoto anayejua anapimwa hurefusha hatua. Ndiyo sababu ya kurudia mara tatu.

Kwa karatasi ya A4, skeli ya sentimita 1 kwa mita 5 inafaa: jengo lile litakuwa sentimita 9.6. Kwa daftari dogo tumieni sentimita 1 kwa mita 10. Hapa ndipo wengi huteleza. Wataandika 1:5 badala ya 1:500, kwa kuwa hawajageuza mita kuwa sentimita. Usiwape kanuni ya kukariri. Waulize, "Kama ni 1:5, karatasi ya kuchorea jengo hili ingekuwa na urefu gani?" Wakipata karibu mita 10, wataona wenyewe. Ukifundisha madarasa mawili kwa pamoja, darasa la tatu lihesabu hatua na la tano lifanye hesabu ya skeli.

Sasa nchi nzima inaweza kulala chini. Tanzania Bara na Visiwani huenea takribani latitudo 1° hadi 12° Kusini na longitudo 29° hadi 41° Mashariki. Chora gridi kwa majivu, mita 1 kwa kila digrii: mita 12 kwa 11, ikifuata mstari wa kaskazini mliokwisha kuupata. Wanafunzi wasimame wakiwa miji: Mwanza karibu na 2½°, 33°, Kigoma 5°, 29½°, Dodoma 6°, 36°, Dar es Salaam 7°, 39½°. Mdomo wa Ruvuma uko karibu na 10½°, 40½°. Unguja na Pemba wasisahauliwe. Kosa la kutarajia ni kuhesabu latitudo kutoka kusini kwenda kaskazini kama grafu ya hisabati. Huku namba hukua kuelekea kusini, kwa kuwa sifuri ni Ikweta.

Kati ya Kigoma na Dar es Salaam kuna digrii kama 10, na kila digrii ni dakika 4 za jua. Waache wakokotoe wenyewe kwa nini Kigoma hucheleweshewa adhuhuri kwa dakika takribani 40. Mvua ikikaribia, badilisheni majivu kwa mawe kwenye kona za gridi, mpate kuichora upya bila kupima tena.