Barua zinaingia vizuri ila hazitoki: tatizo la seva yenye kichujio cha barua taka

Mkuu, umesema tangu uunganishe Amavis na SpamAssassin (programu za kukagua na kuchuja barua taka) kwenye seva yako ya Postfix (programu ya kupokea na kutuma barua pepe), barua zinaingia bila shida, lakini za kutoka nyingine zinalala kwenye foleni na nyingine zinamrudia mtumaji na ujumbe "Relay access denied", yaani seva imekataa kuipitisha barua kwenda nje. Hayo ni matatizo mawili, kila moja na tiba yake.

Kabla ya yote, usipanue mynetworks (orodha ya anwani ambazo Postfix inazipitishia barua bila kudai nywila). Najua ndiyo ushauri wa haraka unaotolewa kila swali hili linapoulizwa, na unaniumiza kila nikiusoma. Ukiandika 0.0.0.0/0 (yaani anwani zote) pale, ujumbe wa kukataliwa utatoweka kweli, lakini seva yako itakuwa inampitishia barua yeyote duniani. Wanaosaka seva za namna hiyo hawalali, na anwani yako ya IP ikishaingia kwenye orodha za kuzuia, hata barua halali za watu wako hazitapokelewa kokote.

Anza kwa kuijua njia. Barua ya mtumiaji wako inaingia Postfix kwa poti 587, Postfix inaikabidhi kwa Amavis kwenye poti 10024, inakaguliwa, kisha Amavis inairudisha kwa Postfix ileile kupitia poti 10025, na hapo ndipo inapotoka kwenda nje. Yaani barua moja inapita Postfix mara mbili na inapewa namba mbili za foleni. Wengi wanakwama hapa: wanaona status=sent kwenye logi wanadhani barua imefika, kumbe imefika kwa Amavis tu, hapohapo ndani ya seva. Soma mstari huo hadi mwisho, utakuta "queued as" na namba ya pili. Itafute hiyo namba ya pili, ndiyo itakayokuambia kilichotokea huko mbele.

Sasa "Relay access denied". Tazama ni nani aliyekataliwa. Kama mstari wa logi unaonyesha anwani ya nje na hauna sasl_username (jina la mtumiaji aliyethibitishwa), basi mtumiaji hakuingia kwa jina na nywila. Mara nyingi programu yake ya barua imewekwa poti 25 bila uthibitisho. Mpeleke 587, yamekwisha.

Lakini kama aliyekataliwa ni 127.0.0.1, aliyezuiwa ni Amavis wakati anairudisha barua. Kwa maelezo yako, nadhani uko hapa. Uthibitisho wa mtumiaji uliofanyika kwenye 587 hausafiri na barua hadi 10025. Huko Postfix inamwona mgeni anayetaka kupeleka barua kwenye domeni isiyo yake. Barua zinazoingia hazisumbuki kwa sababu mpokeaji wake ni wa kwako, kwa hiyo sharti la kupitisha halizigusi kabisa. Ndiyo maana upande mmoja unapona na mwingine unaumwa, na mtu anaweza kuhangaika na nywila siku nzima wakati nywila hazina kosa.

Fungua master.cf (faili linaloorodhesha huduma za Postfix), utafute huduma ya 127.0.0.1:10025. Inapaswa kuwa na content_filter (mpangilio unaopeleka barua kwenye kichujio) iliyoachwa tupu, la sivyo barua itarudishwa tena kwa Amavis na kuzunguka humo ndani. Pia iwe na mynetworks=127.0.0.0/8 na smtpd_relay_restrictions=permit_mynetworks,reject. Sharti hilo la smtpd_relay_restrictions lilikuja na Postfix 2.10, na miongozo mingi ya zamani inataja smtpd_recipient_restrictions peke yake. Ukifuata mwongozo wa namna hiyo huku main.cf yako (faili kuu la mipangilio ya Postfix) haina permit_mynetworks kwenye sharti jipya, mlango wa kurudishia barua unajifunga wenyewe.

Zile zinazolala kwenye foleni ni habari nyingine. Andika postqueue -p, usome sababu iliyoandikwa chini ya kila barua. "Connection refused" kwenye 10024 maana yake Amavis imezimika. Ila kwa kuwa za kuingia zinapita, sidhani. Nahisi utaona "Connection timed out" kuelekea poti 25 za seva za nje. Watoa huduma wengi wa seva za kukodi huifunga poti 25 ya kutokea, na hakuna mpangilio wa Postfix utakaoifungua. Waombe waifungue, au pitishia barua kwenye relayhost (seva nyingine inayokupelekea barua zako) kwa poti 587. Ukichagua relayhost, jina la seva liwe ndani ya mabano ya mraba ili Postfix isitafute rekodi ya MX (inayotaja seva ya barua ya domeni), na kwenye faili la nywila liandikwe vilevile, mabano na poti pamoja. Tofauti ndogo tu na nywila haitapatikana. Kisha endesha postmap juu ya faili hilo ili Postfix iweze kulisoma. Ukikutana na "no mechanism available" kwenye Debian, kinachokosekana kwa kawaida ni kifurushi cha libsasl2-modules.

Wakati unarekebisha, weka soft_bounce = yes ili makosa ya kudumu yageuke ya muda na barua zibaki kwenye foleni badala ya kurudishwa. Kwa kawaida Postfix huzihifadhi siku 5, kwa hiyo una nafasi ya kufanya kazi bila pupa. Ukimaliza, iondoe soft_bounce, endesha postfix reload, halafu postqueue -f ili barua zilizo kwenye foleni zijaribiwe tena.

Kisha, ukiwa kwenye mtandao wa nje kabisa, jaribu kutuma kwa poti 25 bila kuingia, kutoka anwani isiyo yako kwenda anwani isiyo yako. Lazima ukataliwe. Ikikubali, zima Postfix kwanza, ndipo uendelee kutafuta.