Rangi tano tu, lakini kompyuta yahesabu maelfu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natengeneza mchezo wa kompyuta unaochezwa Mlima Kilimanjaro. Kwa GIMP, programu ya kuchorea picha, nimechora maski inayoonyesha wapi pana ardhi gani: njano vihamba (mashamba ya nyumbani), kijani msitu, nyekundu vichaka na nyasi, kahawia jangwa la juu, buluu barafu. Programu ya mchezo inaikataa, inasema ina rangi isizozijua. Rafiki yangu niliyemtumia kwa WhatsApp amehesabu maelfu ya rangi. Nilipoilazimisha ibaki na tano, ukatokea uzi wa kahawia juu ya msitu, mlima mzima. Nifanyeje? Msomaji, Moshi.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Maski si picha ya kutazama. Kila pikseli, yaani nukta ya picha, ni namba, na programu inaisaka namba hiyo kwenye orodha uliyoipa. Kijani chako ni 0, 255, 0, yaani kiasi cha nyekundu, kijani na buluu. Pikseli ya 1, 254, 0 jicho litaiita kijani vilevile, lakini kwenye orodha haimo.

Rangi za ziada zimeletwa na brashi, kwa sababu brashi hulainisha kingo. Nyekundu ilipokutana na kijani, katikati ikazaliwa 128, 128, 0. Ulipolazimisha rangi tano, GIMP ikaitafutia rangi hiyo iliyo karibu nayo zaidi, ikaangukia kahawia yako. Ndiyo maana una jangwa jembamba kwenye mita 2,800, pale ambapo mpanda mlima ndiyo kwanza anatoka msituni.

Usihangaike kuufuta uzi huo kwa mkono. Mipaka ichore upya kutoka kwenye ramani ya mwinuko. Vipimo vya mwinuko vya SRTM, vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour Februari 2000, vinapatikana bure. Vigeuze picha ya kijivu, nyeusi kabisa iwe usawa wa bahari na nyeupe kabisa iwe kilele cha Kibo, mita 5,895. Kwenye ngazi 0 hadi 255, kila ngazi ni kama mita 23. Vihamba vinaishia karibu mita 1,800, yaani ngazi ya 78. Msitu 2,800, ngazi ya 121. Vichaka 4,000, ngazi ya 173. Jangwa 5,000, ngazi ya 216. Tumia Threshold kwa kila namba: kuanzia hapo kwenda juu panakuwa peupe, chini peusi, na hakuna kijivu kinachobaki. Chagua peupe, ukiwa umezima Antialiasing na Feather zinazolainisha kingo, kisha mwaga rangi ya ardhi inayoanzia hapo kwenye tabaka lake.

Hapo una mlima wa pete, na Kilimanjaro haukuumbwa hivyo. Upande wa kusini, kwenu Moshi, unapata mvua nyingi kuliko wa kaskazini, na msitu wake unaonyesha. Kileleni ndiko nakuomba uwe mwangalifu zaidi: usimwage buluu kote juu ya mita 5,000. Barafu ilipimwa mwaka 1912, na tangu hapo zaidi ya asilimia 80 imeshapotea. Iliyobaki ni mabaka. Mengine yote ni mawe na majivu. Fungua picha ya setilaiti ya karibuni, fuata mabaka hayo moja moja. Watoto watakaocheza mchezo wako wauone mlima ulivyo leo.

Kabla ya kurekebisha kwa mkono, nenda Image, Mode, Indexed, hali inayoruhusu rangi za orodha tu. Chagua paleti yako ya rangi tano, na kwenye Dithering, yaani kuchanganya nukta za rangi, weka None. Ukiwa humo hata brashi hailainishi tena, na ukibadilisha ukubwa wa picha hazizaliwi rangi mpya. Wenye Photoshop watumie penseli badala ya brashi, na Nearest Neighbor wanapobadilisha ukubwa.

Hifadhi kwa PNG, isiyobadilisha rangi, kamwe si JPEG. Na yale maelfu ya rafiki yako yasikutishe sana: WhatsApp huibana picha kuwa JPEG, kwa hiyo alihesabu nakala iliyokwisha kuharibika. Mtumie kama dokumenti. Wewe mwenyewe hesabu kwenye Colors, Info, Colorcube Analysis. Ikisoma 5, ipeleke kwenye mchezo. Ikisoma 6, rudi ukague mabaka ya barafu kwanza.