Vyombo vya Urithi ni vya Kupikia

Nyumba nyingi za Mji wa Kale hapa Mombasa zina sufuria za shaba zilizopangwa juu ya kabati kama mapambo, ilhali waliotuachia walizipikia. Naona ni hasara. Kwetu vyombo vya nyanya yangu vimo jikoni na vinafanya kazi, ila kila kimoja nakipa kazi kulingana na kitu kilichotumiwa kukitengeneza, si kulingana na umri wake wala mapenzi yangu kwake.

Shaba ndiyo inayotaka uangalifu mkubwa. Tazama kwanza ndani ya sufuria: weupe wa bati ukiwa umeenea pote, ipikie, wekundu wa shaba ukiwa umejitokeza, iweke kando mpaka fundi aitie bati upya, hasa kwa sisi watu wa pwani tunaopenda ukwaju, ndimu na tungule, kwa kuwa uchachu huifanya shaba iingie katika mchuzi, na mlaji huishia kutapika na kuumwa na tumbo. Mwulize fundi bati lake ni la namna gani, maana lililochanganywa na madini ya risasi ni sumu. Asiyeweza kukujibu usimwachie sufuria.

Hata bati likiwa zima, lina mipaka yake: huyeyuka kwa nyuzijoto 232 za Selsiasi, kiwango ambacho sufuria tupu hukifikia upesi juu ya jiko. Kwa sababu hiyo vitunguu vya pilau navikaanga katika sufuria nyingine hadi vigeuke rangi, ndipo nihamishie kwenye shaba, na wali wa nazi ukifika wakati wa kupaliwa makaa naufunika kwa sinia la alumini, kwa kuwa mfuniko wa shaba wenye bati hautastahimili makaa. Malipo ya taabu hii ni kwamba shaba husambaza moto sawasawa, hivyo gesi ndogo yatosha na mchuzi wa tui haushiki chini.

Chuma cha vitumbua ni rahisi zaidi, ingawa hewa yetu ya bahari hukitia kutu haraka kikiachwa na maji. Kutu ya juujuu huondoka ukiisugua kwa chumvi ya mawe na mafuta kidogo. Baada ya hapo kioshe, kikaushe juu ya moto, kipake mafuta kisha uyafute kana kwamba hukupaka, ukipashe hadi kianze kutoa moshi, na urudie mara kadhaa, kwani mafuta yaliyopashwa hivyo hugeuka utando mgumu mweusi unaozuia unga kunata. Wapo wanaoudhani utando huo kuwa uchafu, wakausugua kwa waya mpaka ukaisha, halafu wakalalamika kwamba vitumbua havibanduki.

Makombe, yaani sahani kubwa, ya zamani yenye maua huenda yakawa na risasi katika rangi yake, kwa hiyo yangu naandalia tende na haluwa tu, si achari yenye uchachu.

Vya mti, yaani kinu, chano na mbuzi ya kukunia nazi, visirowekwe. Vioshwe upesi na vikaushwe kivulini, kwa kuwa jua kali huvipasua. Meno ya mbuzi yakiwa butu hunolewa kwa tupa. Kifumbu cha ukindu cha kuchujia tui kikianza kunuka, nunua kipya bila kusita, kwani hata nyanya alikuwa akivibadilisha.