Lafudhi Si Mwavuli

Nilipofika Minnesota, Marekani, mwaka 2011 nilikuwa na ujanja mmoja ambao nadhani wengi wetu tunao. Nikiingia dukani na mlinzi akaanza kunifuata nyuma nyuma, napokea simu ambayo hata haijaita na kuongea kwa sauti, ili asikie Kiingereza changu cha Tanga. Nilitaka ajue mimi ni Mwafrika wa Afrika, nimekuja na karatasi zangu, si "wale" weusi waliozaliwa hapa. Na mara nyingine kweli ilisaidia. Uso unalainika, naulizwa kama nimewahi kuona simba. Simba ninayemjua mimi anacheza mpira, yuko Msimbazi, lakini nacheka tu naondoka.

Napigiwa simu sana na watu waliotua juzi, wakiuliza ubaguzi wa huku ukoje na hizi siasa zao waziingie au wakae kando. Jibu langu huanzia kwenye ujanja huo, maana ndilo kosa nililokaa nalo muda mrefu kuliko yote.

Kazi yangu ni ile ile ya nusu ya Waswahili wa huku: kuogesha, kulisha na kugeuza wazee kwenye nyumba ya wazee. Siku moja mzee mmoja akanivuta mkono kwa nguvu akasema nisimguse na mikono hiyo. Msimamizi akaniita pembeni, kwa upole kabisa, akanihamishia upande mwingine wa jengo "kwa faida yangu". Nikamshukuru. Kwenye korido nikakutana na mama mmoja Mmarekani mweusi, mkongwe wa pale, ambaye siku hizi namwita Mama Mkubwa. Naye alikuwa amehamishwa asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu ya mzee huyo huyo. Yeye na Kiingereza chake cha St. Paul, mimi na changu cha Tanga, kapu moja.

"Umesema asante?" akaniuliza. Sikuwa na jibu.

Ni yeye aliyenieleza kisa cha Brenda Chaney, mfanyakazi kama sisi katika nyumba ya wazee huko Indiana. Karatasi yake ya kazi ilikuwa inamwambia wazi kwamba mkazi fulani hataki wahudumu weusi, na uongozi ukaheshimu hilo. Alishtaki, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Chicago ikasema matakwa ya mkazi hayampi mwajiri ruhusa ya kupanga kazi kwa rangi. Sheria yenyewe ni ile ya haki za kiraia ya 1964. Mimi nilidhani sheria ile ni ya vitabu vya historia.

Basi yakikukuta, usigombane na mzee. Wengi wao wana ugonjwa wa kusahau, na hata asiye nao hutambadilisha ukiwa umeshika beseni. Ugomvi wako ni na ratiba. Andika siku hiyo hiyo, ukiwa nyumbani, kwenye daftari lako: tarehe, saa, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, nani alikuwepo. Kesho yake mwandikie msimamizi barua pepe fupi isiyo na hasira, umkumbushe mlichozungumza na uulize kama ndiyo sera ya mahali pale. Mambo ya mdomo huyeyuka. Yakiandikwa, mtu lazima ayajibu. Wasipokujibu, kuna tume ya serikali kuu inayoshughulikia ubaguzi kazini, inaitwa EEOC. Muda wa kupeleka malalamiko ni siku 180, na katika majimbo mengi, hapa kwetu pia, ni 300. Usingoje mpaka umechoka. Sisi wawili tuliandika pamoja. Wiki mbili baadaye ratiba ikarudi kama zamani, ila chumba kile tukawa tunaingia wawili wawili. Radhi hatukuombwa.

Polisi ni somo jingine, na hapo lafudhi ndiyo bure kabisa, kwa sababu haisikiki kabla hujashusha kioo. Mwanangu alipoanza kuendesha nilimfundisha kama wafanyavyo wazazi weusi hapa: mikono juu ya usukani, taa ya ndani iwake kama ni usiku, sema kabla hujapeleka mkono popote, ubishi utafanyika mahakamani. Akaniuliza kama hayo yanatosha. Nikamwambia ukweli. Philando Castile, aliyesimamia chakula cha watoto kwenye shule moja ya St. Paul, alisimamishwa na polisi Falcon Heights mwezi Julai 2016. Aliongea kwa adabu, akasema mwenyewe kwamba ana silaha yenye kibali, na akapigwa risasi akafa, huku mtoto wa miaka minne akiwa kiti cha nyuma. Askari aliachiwa huru mwaka uliofuata. Kwa hiyo yanapunguza hatari, hayaiondoi.

Mama Mkubwa ndiye aliyenifungua macho pia kuhusu barabara. Kila siku napita I-94 kutoka Minneapolis kwenda St. Paul, nikilalamikia foleni. Siku moja tukiwa garini akaniambia, "Hapa tulipo ni sebuleni kwa bibi yangu." Barabara ile ilipitishwa katikati ya mtaa wa Rondo, uliokuwa moyo wa Wamarekani weusi wa St. Paul, katika miaka ya 1950 na 1960. Mamia ya familia zikahamishwa, maduka na baa zikaenda, na sehemu nyingi za mji hazikuwauzia nyumba weusi. Mwaka 2015 meya wa St. Paul aliomba radhi hadharani. Sasa mtu akiniambia "hawa walizaliwa hapa, mbona hawana nyumba?" namwambia apande gari langu.

Swali hilo ndilo lililotuvunja. Tuna kundi la WhatsApp la misiba: Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi. Mtu akifariki tunachanga kusafirisha mwili. Mei 2020, George Floyd alipouawa na polisi makutano ya Mtaa wa 38 na Chicago Avenue, dakika chache kutoka ninapokaa, ndugu mmoja akatuma sauti ya dakika sita akisema weusi wa hapa ni wavivu na wachoma maduka, na watatuharibia sisi tuliokuja kutafuta. Nilimjibu vibaya. Nilipaswa kumjibu nilivyokuja kujibu baadaye, ana kwa ana: kwamba mimi na yeye tulikuja kwa bahati nasibu ya green card, na kabla ya 1965 sheria ya uhamiaji ilikuwa inaiachia Afrika nafasi kiduchu tu. Rais Johnson aliibadilisha Oktoba mwaka ule, miezi miwili tu baada ya kutia saini sheria ya haki ya kupiga kura, waliyoipigania weusi wa hapa. Mlango ulisukumwa na hao hao anaowatukana.

Lakini kwenye simu ilikuwa ni vita. Ikaja ya Trump na Biden, Biblia ikanukuliwa pande zote mbili, utoaji mimba kwa upande mmoja, wahamiaji kwa upande wa pili. Watu kumi na mmoja wakajitoa. Kisha Februari mama wa Kikongo akafariki ghafla, na tukagundua kwamba mweka hazina alikuwa mmoja wa waliojitoa.

Nilimfuata kwake, na theluji ile. Hakunipa hotuba. Alivaa koti, akatoa daftari, tukaenda wote msibani, na mwenye ile sauti ya dakika sita tukamkuta anapanga viti. Siasa sikuigusa siku hiyo. Niliigusa mwezi wa tatu, mezani kwa huyu mwenye sauti, tukiwa wawili na chai. Hajabadilisha chama. Neno "wavivu" sijamsikia nalo tena, angalau mbele yangu.

Ushauri wangu hapa ni mfupi: bishana na mtu unayeweza kumwekea sahani, na kundi la misiba libaki la misiba. Tumeandika hivyo juu kabisa. Novemba 2024 mtu alituma video ya kampeni saa tano usiku. Saa tano na dakika tatu ilikuwa imefutwa.