VPN: kampuni ya simu inaona nini?
Mkuu umeuliza ukiwasha VPN (app inayopitisha intaneti yako kwa siri kwenye seva, yaani kompyuta ya mtu mwingine) kama kampuni ya simu bado inaona unachofungua. Iko hivi, kale kaufunguo kakishatokea juu ya skrini wao wanaona tu umeunganishwa na seva fulani na MB zinakatika, saiti yenyewe hawaioni, anayeiona sasa ni mwenye VPN, ndo maana hizi za bure mi naziogopa sana, hujui data zako anamuuzia nani. Halafu Oktoba 2023 TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano Tanzania, walitangaza wanaotumia VPN wajisajili mpaka tarehe 30 na anwani ya IP (namba inayokutambulisha mtandaoni) waitoe, hilo liliniuma kwa kweli. Na usisahau laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole, hiyo VPN haiigusi.